Huruma Inayoishia Mlangoni



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa kigango chetu alinisubiri karibu na tangi la maji mpaka watu wakapungua. Alikuwa ameshika shavu. Nilidhani amekuja kwa habari ya ubatizo wa mtoto, kumbe sivyo.

"Mwalimu," akaniambia, "nina neno, lakini usinicheke." Nikamwambia sitacheka. "Mume wangu ana huruma. Kila mtu hapa atakuambia hivyo. Akiitwa usiku wa manane kupeleka mgonjwa hospitali kwa pikipiki yake, huamka, na mara nyingi hata pesa ya mafuta hadai. Mimi nimeumwa na jino siku nne. Sijalala. Hajaniuliza hata mara moja, 'Mama, unaendeleaje?'"

Sikucheka. Nilimshauri aende akaonwe na daktari wa meno kesho yake asingoje kuulizwa, na nikamwahidi kwamba tutazungumza tena. Lakini nikirudi nyumbani nilitembea polepole. Mama yule, bila kujua, alikuwa amenisimulia habari zangu mimi mwenyewe.

Somo letu basi ni huruma. Sisemi ile huruma kwa maskini, wageni na wafungwa, ambayo tumefundishwa sana na ambayo kila Kwaresima tunakumbushwa. Nasema huruma ya mume kwa mke wake na ya mke kwa mume wake. Nitaanza na aibu yangu. Mama Watoto amenipa ruhusa kuandika haya. Aliisoma karatasi hii kabla sijaituma, na mahali pawili alinisahihisha.

YALIYOTUPATA MWAKA 2015

Mwezi wa Septemba mwaka 2015 mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Tulikuwa na watoto watatu tayari. Jioni moja alirudi kutoka mtoni na mtungi wa maji wa lita 20, akaanza kuhisi maumivu ya tumbo. Usiku nikatafuta gari la jirani tukakimbia hospitali. Kulipopambazuka, mimba ilikuwa imetoka.

Nilifanya nini? Gari nililipia. Dawa nilinunua. Nilimwomba dada yangu aje kumsaidia wifi yake kupika kwa siku tatu. Kisha nikamwambia mke wangu maneno niliyodhani ni ya imani: "Usilie sana. Mungu atatupa mwingine, na hawa watatu tunao." Siku ya tatu nilikuwa darasani na wakatekumeni wangu. Siku ya tano niliiongoza jumuiya kwenda kumtembelea mzee aliyepooza, nikasali sala nzuri, ndefu, hata mama mmoja akafuta machozi.

Kwa wengi wetu mimba iliyotoka haina matanga. Hakuna viti vinavyopangwa uani, hakuna michango, hakuna kesha. Wanawake wawili watatu hupitia jikoni wakasema pole kwa sauti ya chini, na mambo yakaisha. Hivyo niliamini kwamba nyumbani kwangu pia yameisha.

Baada ya muda nikaona Mama Watoto hasimami tena kwenda kupokea Komunyo. Jumapili ya kwanza sikujali. Jumapili ya nne niliudhika. Naam, niwaambie ukweli, niliudhika. Nilichowaza ni kwamba watu wataanza kujiuliza mke wa katekista ana dhambi gani hiyo. Sikumwuliza neno. Nilimwonyesha kwa uso tu, na wenye ndoa mnaujua uso huo.

Novemba ikafika, na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko akaja kwetu Kenya, tarehe 25 hadi 27. Basi la parokia liliondoka jioni ya Jumatano, na Alhamisi tarehe 26 tulisimama katika mvua na matope pale Chuo Kikuu cha Nairobi kwa Misa. Mahubiri yake yalihusu sana familia. Alituhimiza tukatae mienendo inayowajaza wanaume kiburi, inayowaumiza na kuwadharau wanawake, na inayohatarisha uhai wa watoto wasiozaliwa bado. Nilirudi nyumbani nimejaa. Jioni majirani walikuja kusikiliza, nami nikawasimulia habari za safari kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisema mambo mazito juu ya wanaume wenye kiburi. Mama Watoto alitupa chai.

Walipoondoka alikuwa akikusanya vikombe. Akaniuliza bila kunitazama, "Baba Watoto, je, Baba Mtakatifu alisema mtoto akifia tumboni huenda wapi?"

Nikamwambia hilo sikulisikia. Ndipo yakatoka yote. Alipokuwa msichana mdogo, nyanya yake alimfundisha kwamba mtoto asiyebatizwa hawezi kumwona Mungu. Kwa miezi miwili na zaidi mke wangu alikuwa akilala karibu nami huku akiamini kwamba mtoto wetu yuko mahali pa giza, na kwamba ni yeye mama aliyempeleka huko kwa kuubeba ule mtungi. Ndiyo sababu hakuenda kupokea Komunyo. Alijihesabu kuwa mwuaji.

Ndugu msomaji, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka pale aliposimama. Namba 1261 inafundisha kwamba watoto waliokufa bila Ubatizo Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na kwamba tuna sababu ya kutumaini kuwa iko njia ya wokovu kwa ajili yao. Mimi huifundisha namba hiyo kila mwaka. Mwezi wa Oktoba uleule nilikuwa nimewaeleza wakatekumeni, mmoja wao akauliza swali, nami nikamjibu vizuri. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, mgonjwa alikuwa ndani ya nyumba, na tabibu alipita katikati yao kila asubuhi akienda kutibu wengine.

Na lile la mtungi je? Daktari alinieleza mimi, nje ya wodi, kwamba mimba nyingi hutoka bila kosa lolote la mama, na kwamba kazi za kawaida za nyumbani si za kulaumiwa. Nilimshukuru. Maneno hayo sikuyafikisha kwa mwenyewe aliyekuwa amelala kitandani.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwa ajili ya wazazi wanaosoma haya wakiwa na jeraha kama letu. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 15 hutoka, na mara nyingi sababu ni hitilafu katika ukuaji wa mtoto tangu mwanzo. Na yale waliyoambiwa nyanya zetu, kwamba watoto hao hukaa mahali paitwapo limbo, yalikuwa mawazo ya wanateolojia. Kanisa halikuyafanya kamwe kuwa fundisho la lazima la imani. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, ilitoa andiko refu likionyesha sababu nzito za kutumaini kwamba Mungu huwaokoa. Usimwache mwenzako akae na hofu hii peke yake usiku mmoja zaidi.

WOTE WATATU WALIMWONA

Sasa tufungue Injili ya Luka, sura ya 10, kuanzia mstari wa 25. Habari ya Msamaria Mwema tunaijua mpaka tumeizoea, na jambo tulilolizoea hatulisomi tena.

Njia ile ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni kama kilometa 27, nayo huteremka zaidi ya mita 1,000 kupitia majabali na makorongo, mahali pa kufaa kabisa kwa wanyang'anyi. Mtu anapigwa, anaachwa karibu kufa. Anapita kuhani, anapita Mlawi, anapita Msamaria. Tazama hapo. Luka anasema kuhani alimwona. Anasema Mlawi alimwona. Anasema na Msamaria alimwona. Hakuna hata mmoja aliyepita kwa kutojua. Mimi pia, kama ungeniuliza Oktoba ile, ningekuambia kwamba mke wangu ninamwona kila siku.

Tofauti ni kwamba Msamaria alihurumiwa moyoni akamkaribia. Wale wawili walivuka wakapita upande wa pili.

Wako watu wanaomtetea kuhani kwamba pengine alikuwa na haraka ya ibada, au aliogopa kujitia unajisi kwa kugusa maiti. Yesu hasemi. Lakini anasema kuhani alikuwa akiteremka, yaani anatoka Yerusalemu. Kazi ya hekalu, kama alikuwa nayo, alikwisha kuimaliza. Sisi viongozi wa Kanisa, wenyeviti wa jumuiya, wanakwaya, wanachama wa Chama cha Wanaume Wakatoliki na cha Wanawake Wakatoliki, tuangalie sana hapo. Tunatoka kumtumikia Mungu, tumevaa skafu na beji, na njiani kurudi nyumbani tunavuka upande wa pili.

Kisha angalia gharama. Mafuta na divai vilikuwa vyake. Mnyama wa kupanda alikuwa wake, maana yake yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Alilipa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku nzima. Halafu akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi. Wahubiri wengi hupita haraka juu ya neno hilo la kurudi, nami nafikiri ndipo ugumu ulipo. Huruma ya siku ya tukio ni nyepesi, kwa kuwa damu iko mbele ya macho yako. Kurudi wiki ya tatu, mwezi wa pili, wakati kidonda hakionekani tena na wewe una mambo yako, hiyo ndiyo kazi. Mimi dinari nilitoa, gari na dawa. Sikurudi.

Katika semina moja ya makatekista, padre mmoja alitufundisha jambo ambalo sijalisahau. Alisema neno la Kigiriki analolitumia Luka kwa huruma ya Msamaria limetoka katika neno la matumbo, sehemu za ndani kabisa za mtu. Na katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno mojawapo la huruma lina mzizi mmoja na neno la tumbo la uzazi. Nilipoyasikia nilimkumbuka Mama Watoto. Nasi Waswahili hatuko mbali. Tunasema mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na tunasema pia, "Namwonea uchungu ndugu yangu." Ni neno moja. Wazee wakaongeza kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mungu anapoitwa mwenye huruma katika Maandiko, basi, tusimfikirie bwana mkubwa anayetupa sarafu kutoka garini. Anatuonea uchungu kama aliyetuzaa.

KWA NINI NYUMBANI NI VIGUMU ZAIDI

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unaubeba kwa macho tu, nao ni mwepesi kama pamba. Ukiwa nje, hilo hurekebishwa kidogo kwa sababu jumuiya nzima inakutazama, na ukitenda vema unasifiwa. Ndani hakuna anayekutazama. Mgonjwa wa nje unamtembelea saa moja, unasali, unaondoka. Wa ndani unalala naye na kuamka naye, na jinsi anavyougua imekwisha kukuchosha.

Lakini iko sababu nyingine, na hii ndiyo kubwa. Mgonjwa wa kijijini hana deni lako. Mume wako au mke wako anadaiwa. Unakumbuka alivyosema mbele ya mama yako. Unakumbuka pesa za karo zilizopotea. Unakumbuka mwaka alipokaa mbali. Hivyo anapoumwa, kabla huruma haijafika, daftari la madeni hufunguka lenyewe.

Tufanye hesabu ya Matayo sura ya 18, ile habari ya mtumishi aliyesamehewa na mfalme. Mwenzake alikuwa na deni la dinari 100, yaani mshahara wa siku 100. Tuseme kibarua kwetu analipwa shilingi 500 kwa siku. Deni lile ni shilingi 50,000. Si kidogo, na Yesu hakusema ni kidogo. Lakini huyu mtumishi mwenyewe alikuwa na deni la talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Zidisha na shilingi zetu, utapata shilingi bilioni 30. Katika darasa langu, mzee mmoja fundi wa mawe alipoona sifuri zile ubaoni alisema, "Mwalimu, huyo hata wajukuu wa wajukuu wangelipa wasimalize." Basi ametoka mlangoni amesamehewa bilioni 30, anamkaba mwenzake koo kwa elfu 50.

Mara nyingi watu huniuliza, "Mwalimu, mimi sikuzaliwa na moyo wa huruma. Nifanyeje?" Wanadhani huruma ni kama sauti ya kuimba, wengine wamepewa na wengine wamenyimwa. Wengine hujaribu kuilazimisha, wakawa wapole kwa wiki mbili kisha wakalipuka. Imani yetu haianzi na kujikaza. Inaanza na mfalme kusamehe. Mtu asiyejua deni lake lilikuwa kubwa kiasi gani hawezi kuwa na huruma kwa muda mrefu, na ndiyo sababu Kanisa limetupa Sakramenti ya Kitubio, mahali pa kuiona hesabu yetu na kuiona imefutwa.

Mimi nilikwenda katika Kwaresima ya mwaka 2016, ukiwa ni Mwaka wa Huruma ambao Baba Mtakatifu aliuzindua tarehe 8 Desemba 2015. Kusema kweli nilikuwa nimeungama mara kadhaa tangu Septemba ile, lakini niliungama hasira, uvivu wa kusali na mawazo machafu. Kumpita mke wangu sikuwa nimekuona kuwa ni dhambi. Safari hii nilikusema. Padre alinyamaza kidogo, nami nikangoja kuambiwa rozari ngapi. Malipizi aliyonipa ni haya: nikae na mke wangu, nimwombe anisimulie habari za mtoto yule tangu alipojua ana mimba, nami nisiseme neno lolote mpaka amalize.

Nilidhani ni malipizi mepesi. Tulikaa jikoni, watoto wamelala. Alianza polepole. Aliniambia jinsi alivyojua kabla sijajua mimi. Aliniambia kwamba mtoto alikuwa ameanza kucheza, jambo ambalo sikulijua. Aliniambia wauguzi walifanya nini na yeye alitazama wapi. Mara mbili nilifungua kinywa kumfundisha, mara mbili akaniinulia mkono. Ilipita kama saa mbili. Moto ulizimika wala hatukuuchochea. Mwishoni nililia, mimi niliyemwambia yeye asilie sana.

Usiku ule tulimpa mtoto jina. Hatukujua kama alikuwa wa kiume au wa kike, hivyo tulitafuta jina linalofaa wote. Jina hilo tunalijua sisi wawili. Novemba iliyofuata, waamini walipoandika majina ya marehemu wao kwa ajili ya Misa, Mama Watoto aliliandika kwa mkono wake, mstari wa kwanza. Tangu Pasaka ya mwaka ule hupokea Komunyo.

KWA WAKE PIA

Wanaume wasinilaumu kwamba nimewaanika peke yao. Wako waume wanaopitwa. Namfikiria mtu aliyeachishwa kazi, ambaye kila asubuhi huvaa viatu na kutoka saa ile ile ili watoto wasijue, akaketi sokoni hadi jioni. Anaporudi mikono mitupu anaulizwa, "Leo pia?" Maneno mawili tu, na huenda mke hakuyasema kwa ubaya, kwani yeye ndiye anayetazama sufuria. Lakini mtu huyo ametoka kupigwa njiani. Wanaume wetu wamefundishwa tangu utotoni wasiseme "naumia". Wengine wakiumia hunyamaza, wengine hunywa. Mama, ukiona ukimya mpya nyumbani mwako, sogea karibu kabla ya kuhesabu pesa.

Wakristo tuna orodha ya matendo ya huruma, saba ya mwili na saba ya roho, na tumeyafanya yote kuwa ya nje. Kumtembelea mgonjwa kunaweza kuwa ni kuingia chumba chako mwenyewe ukaketi ukingoni mwa kitanda. Kumfariji mwenye huzuni, kuwavumilia wasumbufu, kusamehe makosa, hayo ungeyatafutia wapi shule nzuri kuliko katika ndoa? Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye Mungu alimwita tarehe 21 Aprili 2025, alirudia mara nyingi maneno matatu ya nyumbani. Aliyaeleza katika katekesi yake ya tarehe 13 Mei 2015: kuomba ruhusa, kusema asante, kusema samahani. Akaongeza kwamba wenye ndoa wasiimalize siku bila kupatana. Nilipoyasikia mara ya kwanza nilifikiri ni mafundisho ya chekechea. Kisha nikajiuliza lini nilimwambia mke wangu asante kwa chai. Jaribu kujiuliza.

Hapa niweke neno moja la tahadhari, kwa maana nimeona likiumiza watu. Mke anapigwa, anakimbilia kwa viongozi wa Kanisa, anaambiwa awe na huruma, amrudie, avumilie. Hiyo si huruma, na asiyesimamishwa katika ubaya wake hajahurumiwa yeye pia. Msamaria hakumwacha majeruhi pale pale barabarani mikononi mwa wanyang'anyi. Alimwondoa. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu anayedhulumiwa kuomba ulinzi mahakamani, awe mke au mume. Kwanza mtu awe mahali pa usalama, mengine baadaye.

Sasa mama wa jino. Wiki moja baadaye mume wake alikuja kwangu amekasirika, pikipiki akaiacha ikiunguruma. "Mwalimu, mke wangu amekueleza mambo ya nyumbani kwangu?" Nikamwomba azime pikipiki aketi. Sikumfundisha Luka 10, anaijua. Nilimweleza habari za mtungi wa maji na za vikombe vya chai, kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza akitazama chini. Kisha akauliza, "Yale maneno ya daktari, kweli hukumwambia?" Nikasema kweli sikumwambia. Alikaa kidogo, akasimama, akaenda zake. Alimwambia mkewe nini alipofika sikuuliza, wala si kazi yangu kuuliza.

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Simu na redio zizimwe. Someni Luka 10:25-37 kwa sauti, mmoja asome, mwingine asikilize. Kisha kila mmoja amjibu mwenzake swali hili moja: "Ni lini uliumia nami nikapita upande wa pili?" Anayejibu apewe nusu saa nzima. Anayesikiliza asijitetee, asifundishe, wala asikumbushe kosa jingine. Kama jambo linalotoka ni zito kuliko nguvu zenu, pumzikeni, na mwende kwa paroko au kwa wanandoa mnaowaamini.

Anayeanza kujibu awe mke. Mume, nusu saa yako itafika.